Kilio cha Mtoto na Maziwa ya Mama: Somo Juu ya Dua



Katika sura An-Nahl, aya ya 67 (kwa hesabu inayoanzia na Bismillahi, ambayo ndiyo tuitumiayo), Kurani Tukufu yatuambia kwamba katika wanyama wa kufugwa mna mazingatio kwetu, na yataja namna Mwenyezi Mungu atunywishavyo maziwa safi yatokayo baina ya uchafu wa matumbo na damu. Jambo ambalo Mungu amelitaja kuwa ni zingatio halifai kupitwa kwa haraka. Leo twakuomba uketi nasi kidogo tulitazame, hasa wewe uliyeingia katika Uislamu karibuni, au wewe ambaye bado unatafuta na moyo wako una maswali.

SWALI LA MTAFUTAJI

Kijana mmoja wa upande wa Bahi, aliyekulia katika kuchunga, alikuja katika darasa letu mjini Dodoma. Alinyamaza mpaka wenzake walipoondoka, kisha akasema: "Sheikh, ninyi mwafundisha kwamba Mungu ajua haja yangu kabla sijaitamka. Ikiwa ajua, mbona angoje nimwombe? Na ikiwa hangoji, dua ni ya nini? Mama yangu alipougua niliomba siku arobaini, naye akafa."

Swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya akili, na ya pili ni ya jeraha. Si vyema kuijibu ya pili kwa maneno ya ile ya kwanza, kwa hiyo tulianza na ile ya akili, na ile nyingine tutaifikia mwishoni, Inshallah.

Nilimwuliza: "Asubuhi ukienda kukama, mwanangu, wafanya nini kwanza?"

Akajibu: "Namfungulia ndama."

"Kwani maziwa hayamo kiweleni?"

"Yamo, Sheikh. Lakini ng'ombe huyabana mpaka ndama aje."

Basi jibu la swali lake alikuwa nalo kila siku zizini kwao, ila hakuwa amelitambua. Maziwa yamo, mama ampenda mwanawe, na hata hivyo hayashuki mpaka yatafutwe.

YAONEKANAYO ZIZINI

Ng'ombe wa kienyeji wa nyanda hizi za kati, mwenye nundu na pembe fupi, ajulikana kwa tabia hii kuanzia Mpwapwa na Kondoa hata Manyoni na Singida. Mfugaji humwachia ndama anyonye kidogo na kukigonga kiwele kwa kichwa chake. Maziwa yakisha kushuka, humwondoa na kumfunga mbele ya mama yake, ili mama amnuse na kumramba. Hapo hukama kwa haraka, na mwishoni humrudishia ndama masalio. Ndama akifa, mara nyingi maziwa hukatika. Ndiyo sababu wafugaji wa sehemu nyingi za Afrika, tangu zamani, wamekuwa wakiichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wakaijaza majani makavu na kuiweka mbele ya mama ili aridhie kukamwa.

Huko Mpwapwa, ambako utafiti wa mifugo ulianza zamani za utawala wa Wajerumani, wataalamu walichanganya damu ya ng'ombe wa kienyeji na ya ng'ombe kutoka Bara Hindi, kama vile Sahiwal na Red Sindhi, pamoja na damu ya ng'ombe wa Ulaya. Walitaka mnyama astahimiliye ukame na kutoa maziwa mengi zaidi, na ndiye huyo tumwitaye ng'ombe wa Mpwapwa. Ng'ombe wa Ulaya wamechaguliwa kwa vizazi vingi, nao huweza kuyashusha maziwa bila ndama, lakini hata wao hawayatoi bure: kuoshwa kiwele, mkono wa mkamaji na mlio wa ndoo huchukua mahali pa ndama. Pasipo na lolote la kuwaamsha, sehemu kubwa ya maziwa hubaki ndani.

WAJUMBE WAWILI WA DAMU

Elimu ya siku hizi imefunua yale yafanyikayo ndani. Ndama au mtoto aanzapo kunyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwa njia ya uti wa mgongo hata ubongoni. Chini ya ubongo iko tezi ndogo, kiasi cha punje ya maharage kwa mwanadamu, iitwayo pituitari. Kutoka hapo wajumbe wawili huingia katika damu. Wataalamu huwaita homoni.

Mjumbe wa kwanza ni oksitosini. Maziwa hukaa ndani ya vijifuko vidogo sana, na kila kijifuko kimezungukwa na chembe ziwezazo kujikaza. Oksitosini ifikapo, chembe hizo hujikaza na kuyasukuma maziwa kwenye mifereji kuelekea chuchu. Kazi hii yote huchukua kama dakika moja tu, na nguvu ya homoni hii hupungua baada ya dakika chache. Ndiyo maana mkamaji hodari hachelewi. Kwa kuwa mjumbe huyu hupita katika damu, hufika kila mahali: ndama anyonyapo chuchu moja, sehemu zote nne za kiwele hushusha maziwa, na mama anyonyeshapo titi moja, mara nyingi huona la pili likidondoka.

Mwaka 1906 mtaalamu Mwingereza, Henry Dale, aliona kwamba dawa iliyotolewa katika tezi ya pituitari hulifanya tumbo la uzazi la paka lijikaze. Mwaka 1910, huko Marekani, Ott na Scott walionyesha kwamba dawa iyo hiyo humtoa mbuzi maziwa. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud aliweza kuiunda oksitosini kwa mkono wa mwanadamu, na mwaka 1955 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mjumbe wa pili ni prolaktini. Huyu hashughuliki na kuyashusha maziwa yaliyopo, bali huamrisha maziwa mengine yatengenezwe. Jambo la kushangaza ni kwamba tezi iko tayari kuitoa prolaktini wakati wote, ila ubongo umeifunga kamba kwa homoni nyingine iitwayo dopamini. Kunyonya kwa mtoto ndiko kunakoilegeza kamba hiyo. Kwa hiyo kadiri mtoto anyonyavyo mara nyingi, usiku na mchana, ndivyo maziwa yanavyozidi kutengenezwa. Na maziwa yaachwapo bila kunyonywa, titi lenyewe hupunguza kazi yake, mwishowe hukauka.

Mwaka 1983 wataalamu wa Edinburgh, McNeilly na wenzake, walipima damu za akina mama wanyonyeshao. Waliona kwamba oksitosini yaweza kupanda hata kabla mtoto hajaishika chuchu, mama amsikiapo akilia au ajiandaapo kumpakata. Lakini prolaktini haikupanda kwa kilio. Ilipanda mtoto alipoanza kunyonya hasa. Tafadhali ikumbuke tofauti hii, kwani tutairudia.

RAHMANI NA RAHIMI

Katika Bismillahi twamtaja Mungu kwa majina mawili yaliyo karibu sana, Ar-Rahman na Ar-Rahim. Watafutaji wengi huuliza: mbona mawili? Mafundisho tuliyopewa na Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., ni kwamba Ar-Rahman ni yule atoaye bila ya kuombwa na bila ya amali ya yeyote. Naye Ar-Rahim ni yule azaye matunda juu ya juhudi na maombi ya mja, asiache jitihada ya mtu ipotee.

Tazama sasa maziwa ya mama. Mtoto angali tumboni, hajui njaa wala hana kinywa cha kuombea, matiti yameanza kutengeneza dang'a, maziwa yale ya kwanza yenye kinga dhidi ya maradhi. Amekwisha zaliwa na kondo la nyuma limetoka, homoni ya mimba hushuka ghafla, na baada ya siku mbili hata nne hivi maziwa huja kwa wingi, hata kwa mama ambaye mtoto hajapata kumnyonya. Huo ni urahmani. Nani aliomba? Hapana.

Lakini baada ya hapo kanuni hubadilika. Maziwa yaliyokuja bila ya kuombwa hayadumu bila ya kutafutwa. Mtoto asiponyonya, baada ya siku chache yaanza kukatika. Akinyonya, huendelea kwa miezi na miaka. Huo ni urahimi. Basi mlango ule ule una Mpaji mmoja, na njia zake za kupa ni mbili.

Hapo ndipo jibu la sehemu ya kwanza. Mungu hangoji dua kwa sababu hajui haja yetu, kama vile mama habani maziwa kwa sababu hajui kwamba mwanawe ana njaa. Vipawa vikubwa kabisa, kama uhai, hewa, jua, na mvua iinyweshayo Dodoma kutoka Desemba hata Aprili, ametupa bila ya kuombwa. Lakini vipawa vingine ameviweka nyuma ya ombi, ili mja na Mola wake wajuane. Mtoto alishwaye pasipo kupakatwa hushiba, lakini hamjui mama.

Seyidna Ahmad a.s. alitumia mfano huu huu. Alifundisha kwamba mtoto mchanga aliapo kwa njaa, maziwa huchemka kifuani mwa mama. Na mtoto hajui hata jina la dua, lakini kilio chake huyavuta. Akauliza: je, kilio chetu mbele ya Mungu kitakosa kuvuta kitu? Alipoandika Barakat-ud-Dua mwaka 1893 alikuwa akimjibu Sir Sayyid Ahmad Khan, aliyeona kwamba dua ni ibada tu na haileti jambo ambalo halikuwa. Seyidna Ahmad a.s. alionyesha kwamba dawa nayo imo katika kadari ya Mungu, na hakuna asemaye dawa haina nguvu kwa kuwa kila kitu kimekadiriwa. Basi dua vilevile ni sababu miongoni mwa sababu.

HAKI YA MAMA ANYONYESHAYE

Kabla ya kuendelea, kuna wajibu ambao twajifunza hapa, nao wawahusu wanaume hasa.

Mwaka 1941, Ely na Petersen wa Marekani walifanya jaribio. Walikata mishipa ya fahamu ya upande mmoja wa kiwele, wakaona maziwa yashuka pande zote mbili, wakathibitisha kwamba amri hupita katika damu. Kisha walimtisha ng'ombe kwa kupasua mifuko ya karatasi karibu naye. Maziwa yalizuilika. Hofu na maumivu humwaga homoni nyingine, adrenalini, nayo huipinga kazi ya oksitosini. Kwa mwanadamu pia, mwaka 1948 Newton na mkewe walionyesha kwamba mama aliyesumbuliwa makusudi alitoa maziwa machache kuliko alipokuwa ametulia.

Soma sasa sura Al-Baqara, aya ya 234. Humo Mwenyezi Mungu ameweka muda wa miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha. Amemwajibisha baba kumlisha na kumvika mama kwa wema. Amekataza mzazi yeyote asitaabishwe kwa ajili ya mtoto. Na amesema kwamba kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Basi mume amkaripiaye mkewe anyonyeshaye, au amwachaye na njaa, amwibia mwanawe mwenyewe. Nayo miaka miwili ni muda ambao Shirika la Afya Duniani lahimiza siku hizi: miezi 6 maziwa ya mama peke yake, kisha vyakula vingine pamoja na maziwa hadi miaka 2 au zaidi.

Liko pia jambo la kubemenda. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mume na mke wakikutana wakati wa kunyonyesha, maziwa huharibika na mtoto hudhoofu. Mtoto akikonda husemwa amebemendwa, na mama mwenye aibu humficha badala ya kumpeleka zahanati. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Bwana Mtume Muhammad s.a.w. alidhamiria kuikataza desturi hiyo, kisha akatazama kwamba Warumi na Waajemi huifanya wala watoto wao hawadhuriki, akaacha kuikataza. Angalia, msomaji: Mtume wa Mungu alitaka ushahidi wa mambo yalivyo! Uganga wa leo wakubali: kukutana kwa wazazi hakuyaharibu maziwa. Mtoto aliyekonda anahitaji kupimwa na kutibiwa, na mama yake asilaumiwe.

Ni kweli kwamba mimba nyingine kuja mapema huweza kumdhuru mama na mtoto. Lakini hata hapo Muumba ameweka kinga: kunyonya mara kwa mara huzituliza homoni zinazolikomaza yai. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba mama ambaye hedhi haijarudi, amnyonyeshaye mtoto kwa ukamilifu au karibu na ukamilifu, na mtoto hajapita miezi 6, ana kinga ya asilimia 98. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haitegemewi, na yafaa kushauriana na mganga.

DUA NA TADBIRI

Turudi kwa wale wajumbe wawili. Kilio kilimwamsha mmoja, lakini wa pili hakuamka mpaka mtoto aliponyonya. Mtoto aliaye tu na asinyonye, hata kama maziwa ya leo yatashuka, ya kesho hayatatengenezwa.

Namna hii ndivyo Uislamu uifundishavyo dua. Katika sura Al-Mumin, aya ya 61, Mungu ameahidi kumjibu amwombaye. Na katika sura An-Najm, aya ya 40, ametuambia kwamba mtu hapati ila lile alilolifanyia juhudi. Dua na tadbiri ni pamoja. Mkulima wa Kongwa aombaye mvua na hakulima, amelia bila ya kunyonya. Naye alimaye na asiombe adhani kwamba kiwele ni mali yake. Bwana Mtume s.a.w. alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, alimwagiza amfunge kwanza, kisha atawakali.

Jambo jingine ni kudumu. Mwaka 1973 Wakerley na Lincoln waliwachunguza panya, wakaona kwamba watoto wa panya huzing'ang'ania chuchu mfululizo, lakini maziwa hayashuki kwa kila mvuto. Hushuka mara moja baada ya kila dakika kadhaa. Yule aachiaye chuchu kwa kuwa mvuto wa kwanza haukuleta kitu, hukosa.

JE, HOMONI ZAMWONDOA MUNGU?

Huenda ukasema: "Haya yote ni oksitosini na prolaktini. Mungu yuko wapi hapo?" Kuijua njia ya maji ya bomba hakukanushi kwamba yuko aliyelilaza bomba. Sisi Waahmadiyya twaamini kwamba Neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Kwa hiyo hatuogopi lolote ambalo elimu ya kweli hulifunua.

Lakini nikuambie wazi: mfano si hoja kamili. Kiwele cha ng'ombe hakithibitishi peke yake kwamba dua hujibiwa. Huonyesha kwamba si kinyume cha akili kwa Mpaji mwenye huruma kukiweka kipawa nyuma ya ombi, kwani ndivyo alivyoumba. Uthibitisho hupatikana kwa kuonja. Hakuna ndama aliyejifunza maziwa kwa kuambiwa.

SEHEMU YA PILI YA SWALI

Basi vipi yule mama aliyekufa baada ya siku arobaini za dua? Sikumwambia kijana kwamba dua yake ilikuwa na kasoro. Sikuwa na haki hiyo, wala sikuujua moyo wake. Nilimwambia aliyoyafundisha Seyidna Ahmad a.s.: mtoto hulilia maziwa, naye hulilia pia kaa la moto linalong'aa. Mama humpa la kwanza na kumnyima la pili, na huruma yake ni moja katika yote mawili. Sisi hatuna macho ya kuona wakati wote lipi ni maziwa na lipi ni kaa. Aidha kila nafsi ina muda wake; Mtume s.a.w. mwenyewe alimzika mwanawe Ibrahimu, angali mtoto wa kunyonya, akatokwa na machozi, wala hakuiacha dua.

Akaniuliza: "Sasa zile siku arobaini zilikwenda wapi?" Nikamjibu kwamba katika hadithi twafundishwa kuwa dua ya mwaminifu haipotei: ama hupewa alichoomba, ama huepushwa na shari kiasi hicho, ama hulimbikiziwa Akhera. Akanyamaza kwa muda mrefu, nami sikumharakisha.

Nakuachia wewe, msomaji, tukio lililopokewa na Bukhari. Miongoni mwa mateka alikuwako mwanamke ambaye matiti yake yalikuwa yakitiririka maziwa, akimtafuta mtoto wake. Kila amkutaye mtoto, alimkumbatia na kumnyonyesha. Bwana Mtume s.a.w. aliwauliza Masahaba kama wadhani mwanamke huyo angeweza kumtupa mwanawe motoni. Wakasema hapana, madamu aweza kutomtupa. Akawajulisha kwamba huruma ya Allah kwa waja wake ni kubwa kuliko ya mama yule kwa mwanawe.

Usiku huu, basi, kabla ya Alfajiri, inuka ukalie kwa Mola wako kama mtoto aliaye, kisha kukicha ukashike kazi yako. Mwenyezi Mungu atujalie kuyapokea yale aliyotuwekea. Amin.

MASWALI YA MAREJEO

1. Taja tofauti ya kazi ya oksitosini na ya prolaktini. Ni ipi iamshwayo hata na kilio?
2. Eleza urahmani na urahimi kwa mfano wa maziwa ya mama.
3. Aya ya 234 ya Al-Baqara yamwajibisha baba mambo gani?
4. Je, wewe waomba bila ya kufanya tadbiri, au wafanya tadbiri bila ya kuomba?